Shajara ya mradi: barabara ya mawe na mabomba yake, kilimani Mwanza

Juni, wiki ya kukabidhiwa eneo

Eneo la kazi tumekabidhiwa. Barabara yenyewe haifiki hata kilometa moja: mita 640, kuanzia kijiwe cha bodaboda kule chini hadi kwenye kioski cha maji juu, upana mita 3.5, na sehemu tatu za kupishana. Ukiisoma kwenye mchoro ni kazi ndogo. Ukiipanda kwa mguu ni habari nyingine, maana saveya amepima mwinuko wa asilimia 18 pale katikati, na hapo ndipo wanapopita watoto wa shule, wachuuzi wa dagaa, wagonjwa na majeneza.

Anayeijua Mwanza anavijua vilima hivi. Igogo, Mabatini, Isamilo, kote huko nyumba zimekaa juu ya mawe, na mawe mengine yamekaa juu ya nyumba. Mtaa wetu sitautaja kwa jina, maana humu nitaandika ya watu wa humo.

Swali la kwanza kwenye mkutano wa wananchi lilikuwa lile ninaloulizwa kila ninapokwenda: kwa nini si lami? Nilijibu hivi. Kifusi mteremkoni hakioni masika ya pili. Hata barabara ya tambarare ikiwekwa kifusi hupoteza karibu sentimeta 2 hadi 3 za unene kwa mwaka, seuze hapa ambapo maji hushuka kwa kukimbia. Lami nayo inataka greda, rola zito na bauza, yaani gari la tangi, na mtaani humu tipa dogo likiingia linarudi kinyumenyume. Mawe yapo, na watu wanaojua kuyapasua wanaishi humu humu. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi kuhusu barabara zenye magari machache, ule wa 2016, unaitambua barabara ya mawe kuwa barabara kamili. Si barabara ya kubahatisha wala ya kuwaridhisha maskini.

Mzee mmoja akasimama: "Mama kandarasi, tumekusikia. Sasa mabomba yetu?"

Kazi nzima imejificha kwenye swali hilo, na yeye aliliuliza kabla ya mhandisi mshauri.

Juni, wiki iliyofuata: kuyatafuta mabomba

Michoro tuliyopewa inaonyesha bomba kuu la maji, laini ya majitaka na nguzo za umeme. Vyote tumevikuta mahali pake, sina la kulalamika. Visivyoonekana kwenye mchoro ni vile vya nyumba kwa nyumba. Kilimani hakuna udongo wa kufukia, kwa hiyo mtu akishapata mita yake huko chini penye bomba kuu, hununua roli la bomba jeusi la plastiki akalivuta hadi kwake. Linapita juu ya mwamba, chini ya ukuta wa jirani, linavuka njia, linapanda. Mahali pengine mabomba kumi na zaidi yamelala pamoja, yamefungwa kwa kamba za manila, mengine yametiwa kiraka cha mpira wa tairi.

Tumepita nyumba moja baada ya nyingine pamoja na mjumbe na kijana mmoja mwenye ndoo ya rangi. Kila bomba linalovuka njia tulilipaka alama, tukaandika linatoka wapi, linaingia kwa nani, unene wake, na kama lina maji. Hilo la mwisho lina umuhimu wake. Yako mabomba yaliyokufa ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nani, na yako yaliyokuwa makavu miaka kadhaa kisha yakaanza kutoa maji. Mji ulitegemea chanzo cha Capri Point kwa muda mrefu kabla ya kuongezewa kile cha Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Maji yakiongezeka, presha nayo huongezeka, na bomba bovu hujitaja lenyewe.

Ipo pia mifereji midogo ya majitaka. Watu wa nje hushangaa wakisikia vilima hivi vina mfumo wa majitaka, lakini upo: bomba jembamba, lililolazwa juujuu tu, likipita uani mwa nyumba na chemba ndogo kila linapokata kona. Ulibuniwa kwa ajili ya mitaa isiyopimwa kama huu. Gari la kunyonya choo haliwezi kufika huku, na huko nyuma mvua kubwa ilikuwa ndiyo nafasi ya baadhi ya watu kuvifungulia vyoo vyao. Mahali pawili laini hiyo inavuka barabara yetu, tena kwa kina kisichozidi urefu wa mkono. Hapo hatutapitisha rola la aina yoyote.

Daftari la mabomba limejaa. Nimemwambia karani alipige picha kila ukurasa, maana likilowa tumekwisha.

Julai, mwanzoni

Vikao. Kibaraza cha duka kimeingia barabarani kwa hatua moja, ngazi za nyumba fulani kwa mbili, na choo kimoja kimeingia chote. Mwenyekiti wa mtaa amelimaliza la kibaraza kwa soda. La choo linaendelea.

Julai, katikati: mawe

Nilidhani tutayapata mawe kwa wiki moja. Mawe yapo kweli, ila jiwe la kutandika barabarani si jiwe la msingi wa nyumba. Tunataka lenye uso mmoja bapa, kimo cha sentimeta 15 hadi 20, lisilo na mshipa wa kuoza.

Wapasua mawe wa hapa wana njia mbili. Ya kwanza ni tindo na nyundo: wanalisoma jiwe, wanatoboa vishimo kwa kufuata mstari wake, kisha wanalifungua. Ya pili ni moto. Wanawasha kuni au tairi chakavu juu ya mwamba hadi upate joto kali, kisha unapasuka vipande vikubwa bila jasho jingi. Njia ya moto ni rahisi, na kokoto nyingi zinazouzwa mjini zimetoka huko. Lakini jiwe lililochomwa limeshajaa nyufa ndani ambazo jicho halizioni. Ukilitandika barabarani, gurudumu la kwanza la tipa la matofali linalichana magamba.

Nimelikataa rundo zima la namna hiyo. Aliyelileta hakufurahi hata kidogo. Tulikaa chini, fundi mkuu akachukua nyundo, akagonga jiwe la tindo, likalia kama chuma. Akagonga la moto, likatoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Mwenye rundo akacheka mwenyewe, akasema hilo analijua tangu utotoni, alitaka kuona kama mimi nalijua. Tumekubaliana: mawe ya moto nitayanunua kwa bei ya kokoto, yatatumika kujazia nyuma ya kuta za mtaro, na ya barabarani yawe ya tindo peke yake.

Kikundi cha akina mama wanaogonga kokoto kimechukua kazi ya kutupatia vipande vidogo vya kukazia katikati ya mawe. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na watu wengi husoma kifungu hicho kama sadaka. Wakae nao hawa wapatane nao bei ya debe, ndipo watajua. Mwenyekiti wao, mayu (ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama) mwenye umri wa mama yangu, alinitajia bei ya saruji ya wiki ile, nauli ya toroli na ujira wa siku, akanionyesha kwa nini debe lake haliwezi kushuka. Sikuwa na la kujibu, nikasaini.

Sharti langu lilikuwa moja: miwani ya kukinga macho. Waliivaa siku mbili, wakaivua kwa sababu ya jasho, mjukuu wa mmoja wao akarukiwa na kipande karibu na jicho, wakairudia. Sijaigusia tena.

Agosti: mabomba kabla ya jiwe

Mwezi huu hakuna jiwe hata moja lililotandikwa, na maneno mtaani yameanza. "Kandarasi amekuja kuchimba mashimo." Acha waseme. Ukitandika kwanza ukakumbuka bomba baadaye, barabara itafukuliwa kabla ya mwaka kuisha, na anayeifukua hatakuwa na fundi wa kuirudisha.

Tulichofanya ni hiki. Badala ya mabomba ya nyumba kuvuka barabara kila moja kwa njia yake, tumeyakusanya kwenye vivuko tisa. Kila kivuko ni bomba nene la plastiki lililolazwa chini ya barabara kutoka ukingo hadi ukingo, likiwa na kisanduku cha zege chenye mfuniko kila upande. Mabomba ya nyumba yanapita ndani yake. Likipasuka moja, fundi anafungua mfuniko, analivuta, anaingiza jipya, na jiwe la barabara halijaguswa. Kila kisanduku kimeachiwa nafasi ya nyumba ambazo bado hazijaunganishwa. Ubunifu huu si wangu, kila mhandisi wa mjini anaujua. Tatizo ni kwamba kwenye barabara ndogo hukatwa kwanza bajeti inapobana, kwa kuwa hauonekani siku ya uzinduzi.

Penye mwamba hatukuweza kushuka. Bomba la maji lilipaswa kuwa na kifuniko cha udongo cha sentimeta 60 na zaidi, nasi tulipata 20. Hapo tumelizungushia zege pande zote. Pale linapokutana na majitaka, maji yanapita juu na majitaka chini, na kiungo cha bomba la maji kimesogezwa mbali na mahali pa kukutana. Kwenye hilo sikubali mjadala hata na mshauri. Kipindupindu wenyeji wanakikumbuka vizuri kuliko mimi.

Kupima presha kulituchelewesha. Kila mita 10 za kimo huongeza presha ya karibu bar 1, kwa hiyo bomba linalokaa kimya huku juu, kule chini linabeba uzito wa kilima kizima. Tulijaza maji, tukatoa hewa, tukapandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi, tukasubiri. Mshale wa kipimo ukashuka. Tukatafuta, tukakuta kiungo kimoja kimekazwa kwa mkono bila spana. Kikakazwa, tukapima tena, mshale ukatulia.

Maji tuliyakata usiku, kwa taarifa ya siku tatu iliyopitishwa na mjumbe mlango kwa mlango na kutangazwa kwa kipaza sauti. Hata hivyo asubuhi nilimkuta bibi mmoja kasimama na ndoo tupu.

"Shikamoo bibi. Tangazo halikukufikia?"

"Marahaba mjukuu wangu. Lilinifikia. Ila wewe ulisema yatarudi saa kumi na mbili, na saa yangu inasema moja kasoro."

Alikuwa sahihi. Vijana wawili walimpandishia ndoo nne kutoka kioski, na tangu siku hiyo kwenye tangazo tunaandika saa mbili.

Agosti, mwishoni

Nguzo mbili za umeme zimehamishwa. Ya tatu imebaki pale pale kwa sababu upande wa pili ni mwamba mtupu. Barabara itaikwepa kwa kupinda kidogo, na mchoro umesahihishwa.

La choo limeisha: mwenyewe amekubali kuhamisha, sisi tumemchimbia shimo jipya na kumuunganisha na chemba ya majitaka. Lilikuwa suala la shimo siku zote, si la mpaka.

Septemba: mitaro

Barabara ya mlimani ni mtaro unaopitika. Vijana wangu wananicheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ninavyoipangia kazi. Maji ya juu yote yatakuja barabarani, upende usipende. Swali ni yatashuka kwa mwendo gani na yatamwagikia wapi.

Upande wa juu tumejenga mtaro wa mawe na saruji wenye ngazi. Maji yakianguka ngazi hadi ngazi hupoteza nguvu. Yakiachiwa mteremko laini wa asilimia 18 hufika chini na hasira ya kubeba pikipiki. Mwisho wa kila kipande kuna kisima cha kukamata mchanga na taka kabla maji hayajaingia kalavati. Kalavati tumeongeza kipenyo. Mchoro ulikuwa na sentimeta 60, mshauri amekubali 90, kwa hoja moja tu: lile la 60 mtu haingii kulisafisha.

Mjini hapa maji ya vilima huishia Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji hadi ziwani. Mabatini ikijaa maji watu hulaumu mto. Mchanga unaoujaza umetoka kwenye njia kama hii yetu, zikiwa za udongo mtupu. Ndiyo maana sikuona sababu ya kuupeleka mtaro wetu haraka chini na kumwachia jirani tatizo. Mwishoni kabisa tumetandaza mawe makubwa yasiyo na saruji ili maji yasambae na kutulia kabla ya kuingia kwenye mfereji wa mtaa unaofuata.

Taka ndizo zimenishinda. Kila asubuhi kisima cha mchanga kina nepi na mifuko. Kamati ya mtaa imeweka zamu.

Septemba hadi Oktoba: kutandika

Hatimaye. Maneno mtaani yamebadilika, sasa watu wanaleta viti kutazama.

Tunaanzia chini kwenda juu, si kinyume chake, ili kila mstari wa mawe ulalie ule uliokwisha kukaa. Kwanza kingo za zege pande zote mbili, kisha mikanda ya zege inayokata barabara kila baada ya mita kadhaa. Hiyo ndiyo inayoshika mteremko, bila hiyo mawe yote yatasukumana kuelekea kijiweni. Kitanda ni udongo ulioshindiliwa, juu yake mchanga wa sentimeta 5. Jiwe linasimamishwa, uso bapa juu, linagongwa kwa nyundo ya mpira hadi likatae kushuka. Vipande vya akina mama vinakaza katikati.

Chini, penye mteremko mdogo, tumejaza mchanga mtupu kwenye nafasi za kati, kwa sababu siku mtu akihitaji kufungua atayainua mawe na kuyarudisha yale yale. Juu, penye asilimia 18, mchanga ungechukuliwa na mvua ya kwanza, kwa hiyo tumejaza saruji na mchanga, moja kwa nne. Huko ndiko vivuko vya mabomba vina kazi zaidi, maana hapafunguki kirahisi.

Malipo ya watandikaji ni kwa mita mraba. Kuna hatari ya mtu kukimbiza, na dawa yake ni fundi mkuu kupita na ubao wa mita tatu ulionyooka: penye mwanya chini ya ubao, kipande kinafumuliwa na mita haihesabiwi. Wiki ya kwanza kulikuwa na kelele. Wiki ya pili watandikaji wakatengeneza ubao wao wenyewe.

Joto la Oktoba si mchezo. Saruji inakauka kabla haijakomaa. Magunia yanaloweshwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, na anayelowesha ana ujira wake. Ukimwachia kila mtu kazi hiyo haifanywi na yeyote.

Novemba: mvua

Imenyesha. Imenyesha kweli, saa moja na nusu bila kupumzika, alasiri, kabla sehemu ya juu haijamalizika.

Tulivaa makoti tukapanda na simu za kupigia picha, kwa maana mvua ya namna hiyo haina bei katika mradi. Mtaro wa ngazi ulifanya kazi. Kivuko cha nne kilijaa maji kisandukuni kwa sababu mfuniko wake uko chini ya usawa wa barabara, basi utainuliwa. Pale nguzo ya umeme ilipotulazimisha kupinda, maji hayakupinda, yalikata kona moja kwa moja na kuruka ukingo hadi mlangoni mwa fundi cherehani. Ukingo wa hapo utapandishwa kwa sentimeta 15, na jiwe la kugeuza maji litawekwa kabla ya kona. Fundi cherehani alikwisha kutoa vitambaa kabla hatujafika, akatuonyesha alama ya maji ukutani kana kwamba yeye ndiye saveya.

Sehemu isiyokamilika ilipoteza mchanga wa kitanda, mita kama 20. Bima haiingii hapo, mfuko wangu unaingia.

Desemba, kukabidhi kwa muda

Ukaguzi umefanyika. Orodha ya kasoro ina mambo madogo: mifuniko miwili inacheza, rangi ya kingo, kibao cha uzito wa magari, jiwe moja la sehemu ya kupishana limezama. Nusu ya fedha iliyozuiwa, ile ambayo mteja huikata kwenye malipo yangu kama dhamana ya kasoro, itatoka kwa cheti cha leo, nusu nyingine baada ya miezi 12 ya uangalizi wa kasoro. Miezi hiyo ina masika ndani yake, na hapo ndipo barabara itakapokaguliwa na mkaguzi asiyesaini posho.

Bodaboda wamepandisha nauli wakati barabara imekuwa nzuri. Nilidhani ingeshuka. Mmoja wao alinieleza kwamba zamani abiria alilipa kufika nusu ya kilima, sasa anafikishwa mlangoni.

Daftari la mabomba tumelinakili mara tatu: nakala moja kwa mteja, moja kwa wenye bomba la maji, moja kwa mwenyekiti wa mtaa ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani yake kila kivuko kina namba, na namba hiyo imechorwa kwenye mfuniko. Kamati imepitisha utaratibu kwamba anayetaka kuunganisha maji aanzie kwa mwenyekiti, aonyeshwe kivuko kilicho karibu naye, na fundi wake asiingie na sururu barabarani. Ombi la kwanza limeshakuja, nyumba mpya karibu na kivuko cha sita. Jumatatu fundi bomba anakwenda kufungua mfuniko huo, na ile miwili inayocheza tutaibadilisha siku hiyo hiyo.